Mashine za zamani za kung'olea visiki: farasi mmoja aliwezaje?

Binti Makambako ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Ninaishi Marekani, katika jimbo la Michigan. Wiki iliyopita nilipita katika uwanja wa makumbusho madogo ya kilimo huko kaskazini mwa jimbo, na kati ya majembe ya kukokotwa na mikokoteni iliyooza magurudumu palikuwa na chombo cha chuma ambacho kilinishika nikashindwa kuondoka. Ni ngoma iliyosimama wima juu ya fremu nzito, upana wake unazidi shubiri yangu kidogo tu, na juu yake imechomekwa boriti ndefu ya mti iliyolala kama mkono wa saa. Kibao kilisema kwamba ni mashine ya kung'olea visiki ya mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba iliendeshwa na farasi mmoja aliyefungwa kwenye ncha ya boriti, akawa anazunguka. Hatua chache kutoka hapo umesimamishwa uzio ambao si wa mbao wala wa waya, bali wa visiki vyenyewe: visiki vya msonobari vimelazwa ubavu kwa ubavu, mizizi yote imeelekezwa barabarani, mikubwa kunizidi kimo. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba baadhi ya nyuzio za namna hiyo zimekaa zaidi ya miaka mia moja bila kuoza.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, farasi mmoja anawezaje kukitoa ardhini kisiki ambacho watu kumi wenye sururu na mitalimbo wangekihangaikia siku nzima? Pili, kwa nini wakulima wale hawakuchoma visiki au kuviacha vioze, kama tunavyofanya nyumbani? Swali la tatu linanigusa zaidi. Kaka yangu huko Makambako amevuna mikaratusi katika ekari moja na nusu, sasa anataka kupanda mahindi, na kila kisiki kinachipua upya kana kwamba hakikuona shoka. Je, fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kumtengenezea kitu kinachofanana na hicho nilichokiona?

Fundi Mitambo amejibu:

Marahaba, dada. Ulichokiona ni ndugu wa ile mashine ya kuvutia nanga ambayo mabaharia wetu huiita duara, isipokuwa huku imehamishiwa shambani na badala ya nanga inavuta kisiki. Siri yake haimo katika farasi, imo katika tofauti kati ya urefu wa boriti na unene wa ngoma.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa boriti ina urefu wa mita 3.6 kutoka katikati ya ngoma hadi mahali alipofungwa farasi, na nusu ya upana wa ngoma ni sentimita 12, basi nguvu ya farasi inazidishwa mara 30. Farasi anayevuta kwa utulivu, kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70, anaipa kamba ya waya mvuto wa zaidi ya tani mbili. Lakini hawakuishia hapo. Walipitisha waya kwenye roda, yaani gurudumu dogo la kupitishia kamba, iliyofungwa kwenye kisiki kinachong'olewa, wakaurudisha kwenye roda nyingine iliyofungwa upande wa mashine, kisha wakaupeleka tena kwenye kisiki na kuufunga hapo. Nyuzi tatu zikawa zinavuta kisiki kimoja, na zile tani mbili zikawa sita na kitu, ukitoa sehemu inayopotea katika msuguano. Kampuni ya Hercules ya mji wa Centerville, Iowa, iliyouza sana mashine hizi, ilijitangaza kwa maneno hayohayo ya nguvu mara tatu.

Bila shaka mashine haiumbi nguvu kutoka hewani. Inachofanya ni kubadilisha mwendo kuwa mvuto, na gharama yake utaiona miguuni mwa farasi: katika mfano wangu, mzunguko mmoja ni hatua za mita 22 na zaidi, lakini ngoma imekunja sentimita 75 tu za waya, na kisiki kikisogea, kimesogea sentimita 25. Zaidi ya hayo, waya unatoka kwenye ngoma ukiwa chini chini, ukikatiza njia ya farasi, kwa hiyo kila mzunguko ilimpasa auruke. Farasi mgeni aliuogopa, aliyezoea aliinua mguu bila hata kuutazama.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba mashine nayo inavutwa. Kisiki kikivutwa kwa tani sita, mashine nayo inavutwa kwa tani sita kuelekea kisiki, na kama haikufungwa mahali imara, itakayong'oka ni yenyewe. Ndiyo maana fremu ile uliyoiona ni nzito na pengine ina pete kubwa upande mmoja: ilifungwa kwa mnyororo kwenye kisiki kingine, ambacho kilipaswa kuwa kikubwa kuliko kile kinachong'olewa. Mkulima hodari aliegesha mashine yake kwenye kisiki kikubwa cha katikati, akang'oa vyote vilivyokizunguka mpaka pale waya ulipofika, ndipo akahama. Kisiki cha mwisho ndicho kilichokuwa na taabu, kwa sababu hapakuwa tena na ndugu yake wa kumshikia mashine.

Mahali pa kufunga mnyororo pana uzito uleule wa hesabu nzima. Kwenye kisiki cha nanga, mnyororo hufungwa chini kabisa, karibu na udongo, ili kisipinduke. Kwenye kisiki kinachong'olewa hufungwa juu, ili kipinduke, kwa maana hapo shina linafanya kazi ya wenzo na egemeo lake ni mizizi ya upande ule kinakoelekea. Kwa hiyo anayejua kwamba atang'oa hakati mti usawa wa ardhi. Huacha shina la kimo cha kiuno au zaidi. Nimeona mara nyingi watu wakikata mti chini kabisa kwa kutaka usafi, halafu wakashangaa kwamba kisiki hakina pa kushikwa.

Kuhusu swali lako la pili, jibu limo katika aina ya mti. Misitu ya kaskazini mwa Michigan, Wisconsin na Minnesota ilikatwa mbao kwa kasi kubwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mti uliotafutwa zaidi ulikuwa msonobari mweupe. Wafanyabiashara wa mbao walipoondoka, ardhi ile yenye visiki iliuzwa kwa wakulima, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Visiki vya miti ya majani mapana kama mipopla au mibirchi vilioza baada ya miaka michache, lakini msonobari una utomvu mwingi unaozuia kuoza, na mkulima aliyeamua kungoja angezeeka kabla ya kisiki. Kuchoma kulitumika, ila moto hula sehemu ya juu na kuacha mizizi iliyoenea chini, na jembe la kukokotwa likiikuta mizizi hiyo huvunjika ulimi. Ule uzio uliouona ni ushahidi wa utomvu huohuo: mkulima hakuwa na pa kuvitupa visiki, akavigeuza ukuta wa kuzuia ng'ombe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashine hizi zilipata mshindani. Serikali ya Marekani ilibakiwa na shehena kubwa za baruti za kijeshi, na katika miaka ya 1920 sehemu ya baruti hiyo, iliyotengenezwa upya kwa jina la pyrotol, iligawiwa kwa wakulima kwa gharama ndogo ili walipulie visiki. Wengine waliunganisha njia mbili: baruti kidogo ya kupasua kisiki na kulegeza udongo, halafu farasi akamalizia vipande.

Msomaji wa Kale ameongeza:

Fundi ameeleza vizuri, nami ningependa kurudi nyuma karibu miaka mia moja kabla ya mashine hiyo ya Michigan, kwa sababu wazo lenyewe ni la zamani zaidi kuliko kampuni za Iowa.

Mfereji wa Erie, katika jimbo la New York, ulichimbwa kuanzia mwaka 1817 hadi 1825, ukaunganisha mto Hudson na Ziwa Erie kwa urefu wa kilometa 584. Sehemu kubwa ya njia yake ilipita msituni, na wachimbaji waligundua mapema kwamba udongo haukuwa adui mkubwa kama miti iliyosimama juu yake. Kwa visiki walitengeneza chombo ambacho ukikisoma katika maelezo ya makamishna wa mfereji utadhani ni hadithi. Kilikuwa na magurudumu mawili makubwa, kila moja likiwa na kimo cha futi 16, yaani karibu mita 4.9, ambayo ni juu kuliko paa za nyumba nyingi za kijijini kwetu. Yaliunganishwa kwa ekseli ya gogo lenye unene wa inchi 20 na urefu wa futi 30. Katikati ya ekseli hiyo palikazwa gurudumu la tatu, la futi 14, lisiloweza kuzunguka peke yake bila kuizungusha ekseli nzima, na kamba ilizungushwa mara kadhaa kwenye ukingo wake.

Waliisukuma mashine mpaka kisiki kikawa chini ya ekseli, wakayazuia magurudumu makubwa yasiende popote, wakafunga mnyororo mnene kutoka kisiki hadi kwenye ekseli, halafu wanyama wakaivuta ile kamba ya gurudumu la katikati. Ukigawa inchi 168 za gurudumu kwa inchi 20 za ekseli unapata mara 8 na nukta 4, na hiyo ndiyo nyongeza ya nguvu waliyoipata. Ni ndogo ukiilinganisha na hesabu ya Fundi, lakini tazameni tofauti: hapa kisiki kinavutwa kwenda juu, hakivutwi kwa ubavu, na mashine haihitaji kisiki kingine cha kuishikilia kwa sababu dunia yenyewe inaibeba kupitia yale magurudumu mawili. Tatizo la kisiki cha mwisho halikuwepo.

Kinachonifurahisha zaidi ni hatua ya baadaye. Kisiki kikiisha kutoka, waliondoa vizuizi, na yale magurudumu yaliyokuwa nguzo yakawa mkokoteni: kisiki kikining'inia chini ya ekseli kilipelekwa pembeni kwa wanyama walewale, na mashine ikaenda kwa kisiki kinachofuata. Watu saba na wanyama wao waliweza kutoa visiki vikubwa 30 hadi 40 kwa siku.

Kwa miti iliyokuwa bado imesimama walitumia njia nyingine. Kamba ilifungwa juu ya shina, futi 60 hivi kutoka ardhini, na mtu mmoja akazungusha mpini wa parafujo yenye meno iliyokaza kamba kidogo kidogo, mpaka mti ukaanguka na mizizi yake. Ni lile jambo alilosema Fundi kuhusu wenzo, ila hapa wenzo ni mti mzima. Kwa maoni yangu, huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote katika habari hii: kama nia yako ni kulima, usikate mti halafu uanze kupigana na kisiki, uangushe mti wenyewe ukiwa bado na mkono wake mrefu.

Mzaliwa wa Kongwa amejibu:

Naomba nilete mfano wa kwetu, kwa kuwa mada hii haiwezi kupita bila Kongwa kutajwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi wa karanga uliokusudiwa kufikia ekari milioni 3.2, ukiwa na vituo Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na kila kitu ambacho mkulima wa Michigan hakuwa nacho: matrekta ya minyororo, tingatinga, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs, vikaitwa Shervick. Sehemu kubwa ya mitambo ya mwanzo ilikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa mbali, yakiwemo ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengi yalifika yakiwa yamechoka.

Kuangusha vichaka hakukuwa shida kubwa. Mnyororo mzito ulifungwa kati ya matrekta mawili yaliyokwenda sambamba, ukafagia miti iliyokuwa katikati kama mtu anavyofagia majani. Anayepita angedhani kazi imekwisha. Shida ilikuwa chini. Vichaka vya Kongwa vina mizizi iliyosukana kama mkeka, na udongo wetu kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, tena una mchanga unaolainisha chuma kama msasa. Majembe ya kukatia mizizi yalipinda na kuvunjika, vipuri vilikuwa bandarini au bado baharini, na msimu wa mvua haukumngoja mtu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000; zilizopandwa zilikuwa ekari 7,500 hivi. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Nasema haya kwa sababu swali la dada linafanana na kosa lile. Sikatai kwamba mradi ule ulikuwa na makosa mengine mengi, ya mvua na ya mipango, lakini kwa upande wa mizizi tofauti iko wazi. Ile ngoma ya farasi inavuta polepole, na mzizi unaovutwa polepole una nafasi ya kuteleza ndani ya udongo na kutoka mzima. Mnyororo wa trekta linalokwenda kasi unakata juu na kuacha chini. Kaka yako akishawishiwa akodishe katapila kwa saa mbili, amuulize mwenye katapila kwanza mizizi itakwenda wapi.

Mkata Mbao wa Mufindi amejibu:

Mkaratusi ni mti wa Australia, kwa hiyo tuwaulize wenyewe. Waaustralia walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni winchi ya mkono iliyotengenezwa na Trewhella Brothers katika mji wa Trentham, jimbo la Victoria, iliyopewa jina la tumbili. Mtu mmoja anasukuma na kuvuta mpini mrefu, meno yanakamata gurudumu, waya unajikunja kidogo kidogo. Haihitaji farasi wala njia ya kuzungukia, ndiyo maana ilifaa kwenye miteremko. Njia ya pili ni ya watu waliochoka kabisa. Mwaka 1876, huko Australia Kusini, Richard Bowyer Smith alitengeneza jembe la kukokotwa ambalo kila ulimi wake umefungwa kwa bawaba, ukigonga kisiki unainuka, ukivuka uzito unaushusha tena ardhini. Walilima juu ya visiki vya mikaratusi mifupi ya nyika bila kuving'oa.

Kwa kaka yako, Makambako, sioni haja ya kutengeneza ngoma. Anunue au akodi winchi ya mkono iliyo imara, na roda moja au mbili. Achimbe kuzunguka kisiki, akate mizizi ya pembeni kwa shoka upande ule ulio mbali na winchi na pande mbili za ubavuni, kisha angoje mvua zilegeze udongo. Visiki vilivyokatwa chini sana avichimbie zaidi, apitishe mnyororo chini ya mzizi mnene na kuuleta juu ya kisiki, ili kivutwe kwa kugeuka. Machipukizi ayakate mapema, kwa kuwa kila jani linakirudishia kisiki uhai.

Nisisitize jambo la usalama. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kama kiboko na unaweza kukata mguu. Asisimame mtu yeyote kwenye mstari wa waya wala ndani ya kona ya roda, na katikati ya waya patundikwe gunia lenye mchanga au blanketi zito ili ukikatika uanguke chini. Kamba ya katani au ya nailoni isitumike kabisa kwa kazi hii.

Binti Makambako amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Jana nilirudi kwenye yale makumbusho nikiwa na futi ya fundi cherehani. Boriti ina mita 3 na nusu, na ile pete aliyoitabiri Fundi ipo nyuma ya fremu, imelika upande mmoja hadi ikabaki nusu ya unene wake.

Nimezungumza na kaka. Amehesabu visiki 63, vingi vimekatwa kimo cha goti, jambo ambalo amelisikitikia baada ya kumsomea maelezo yenu. Ataanza na vilivyo katikati, akitumia vikubwa kama nanga. Kwa kile cha mwisho amebakiwa na mparachichi wa mpakani, ambao hataki uumie. Je, anaweza kuufungia winchi?

Fundi Mitambo amejibu:

Anaweza, dada, ikiwa ni mkubwa na ana hakika na mizizi yake. Azungushe vipande vya mbao kwenye shina kwanza, vimesimama wima kama mbao za pipa, ndipo mnyororo upite juu ya mbao hizo, chini kabisa karibu na udongo. Mnyororo mtupu utakata gome, na mti uliokatwa gome pande zote hukauka. Kisiki hicho cha mwisho akipasue kwanza kwa kabari vipande viwili au vinne na akate mizizi yote anayoweza kuifikia, ili mparachichi usivutwe kwa nguvu nyingi. Akiona udongo unaanza kupasuka upande wa nyuma wa mparachichi, alegeze mara moja.